Siku Nilipolaza Upepo

Juzi jirani yangu alikuwa anapaka grisi mnyororo wa pikipiki yake pale mlangoni petu, akaacha kopo wazi. Binti yangu ana miaka miwili na hajawahi kukiona kitu kilichoachwa wazi akakipita. Akatumbukiza mkono hadi kiwiko. Nilimchapa. Nilimchapa kupita kosa lenyewe, mpaka jirani akasema, "Aki Mama Ketty, si ni grisi tu? Inatoka na mafuta ya taa." Nikamwambia ashughulike na pikipiki yake. Kisha nikamwinua mtoto nianze kumpangusa, na ile harufu ikanipanda, harufu ya mafuta mazito yaliyochomwa na jua juu ya chuma, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi, mtoto analia mapajani na mimi sisikii kilio.

Wenzangu wa rika langu wakikumbuka utoto wanataja harufu tamu. Chapati za Krismasi, sabuni ya kipande, udongo baada ya mvua. Nawaonea wivu. Mimi yangu ni grisi, na kwa miaka mingi sikumwambia mtu sababu. Leo naisema kama ilivyokuwa, bila kuitia sukari.

Tulikaa ufukweni, upande wa Muhuru Bay. Mama alinunua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi, akazianika kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, akaenda kuziuza hadi Suna. Baba alikata miwa huko Awendo na tulimwona mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa mimi, mama, Dani, yaani nyanya aliyemzaa baba, na mdogo wangu Okinyi ambaye alikuwa bado ananyonya. Nilimbeba Okinyi mpaka mgongo wangu ukazoea joto lake. Hata alipowekwa chini nilitembea nimeinama.

Maji yetu yalikuwa ziwa. Mahali tulipochota ndipo ng'ombe walipokunywa na kufanya yale mengine yote ng'ombe hufanya, na ndipo watu walipooshea mashua. Hatua chache kando, tajiri mmoja mwenye shamba la nyanya alikuwa ameweka pampu ya dizeli. Ilinguruma kutwa nzima na kumwaga mafuta majini. Mafuta yale yalitandaza rangi juu ya maji, bluu, zambarau, kijani, na mimi nilidhani upinde wa mvua unakuja kulala pale. Nilichota polepole nisiuamshe. Tukaunywa. Mama hakuwa mjinga, alichemsha kila tone, na kuchemsha maji ya watu wanne kunataka kuni, na kuni zilitoka kwenye kilima kilichokuwa nyuma yetu. Kila mwanamke wa ufukweni alichemsha, au alikusudia kuchemsha. Kilima kikabaki visiki na mawe. Mvua ikinyesha, udongo uliteremka wote hadi ziwani, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa.

Kisha wakaja watu na lori. Walichimba kisima kirefu kwa mashine, wakasimamisha mnara wa chuma mrefu kuliko mti wowote tuliokuwa nao, jambo ambalo halikuwa gumu, na juu yake wakaweka gurudumu lenye mapanga mengi ya bati na mkia kama wa samaki. Upepo wa ziwani ukivuma gurudumu lilizunguka, chuma kikapanda na kushuka ndani ya kisima, maji yakamiminika kwenye tangi la saruji. Hapakuwa na injini, hapakuwa na moshi, hapakuwa na mtu wa kutumwa dizeli.

Siku ya kuondoka, fundi wao, mwanamume mnene aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye jua kali, aliikusanya kamati ya maji chini ya ule mnara. Akawaonyesha mkono wa chuma, mweusi kwa grisi.

"Ukivuta huu mkono chini, ukaufunga na huu mnyororo, gurudumu linageukia pembeni. Linalala. Ukifungua, linaamka. Dhoruba ikija, laza. Ikipita, amsha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema mwenyekiti, Jaduong' Ogweno, huku akiandika kwenye daftari. Jaduong' ni jina la heshima tunalompa mzee, na huyu aliipenda heshima hiyo kuliko chakula.

"Nani ataangalia?"

"Mimi mwenyewe. Kila asubuhi."

Sisi watoto tulikuwa tumekaa kwenye mchanga mbele yao, vichwa vimeinuliwa kama vifaranga, tukasikia kila neno.

Sasa wacha nilisifu lile gurudumu, kwa sababu hakuna aliyelisifu vya kutosha lilipokuwa hai. Maji yake yalikuwa baridi na yalikuwa na ladha ya jiwe. Mama aliacha kuyachemsha. Kuni zikawa za ugali tu, na kilima kikapumua. Visiki vya siala, ile miti yetu yenye maua ya njano, vilitoa machipukizi, na msimu wa pili machipukizi yalikuwa yanazidi kimo changu. Maji yaliyofurika kwenye tangi yalielekezwa kwenye hori la ng'ombe, kwa hiyo ng'ombe hawakushuka tena ziwani, na pale walipokuwa wanakanyaga pakaota mafunjo. Ndege wakaja kusuka viota humo. Vyura wakarudi, hata Dani akalalamika kwamba hawamwachi azungumze. Ukisimama majini uliona vidole vyako. Hata yule tajiri wa nyanya alizima injini yake, akaomba mfereji kutoka kwenye tangi, na kimya kilichofuata kilitushangaza. Tulikuwa tumezoea kuongea kwa kupiga kelele. Upinde wangu wa mvua ukahama majini, na nikaulilia. Hiyo ndiyo hasara pekee niliyoiona mimi.

Lakini nilikuwa na miaka saba na nililielewa gurudumu kwa njia yangu. Mama alikuwa amenipeleka Suna kununua sare ya shule, na dukani, juu ya vichwa vyetu, kulikuwa na feni. Mwenye duka alibonyeza ukutani, mapanga yakazunguka, upepo ukashuka shingoni mwangu. Akabonyeza tena, yakasimama, upepo ukaisha. Niliona kwa macho yangu. Basi nilipotazama lile gurudumu letu kila siku saa nne asubuhi likianza kuzunguka, na upepo wa ziwa ukianza saa hiyo hiyo, nilihitaji kuambiwa nini zaidi? Lile lilikuwa feni yetu. Feni kubwa, upepo mkubwa.

Na hapa ndipo neno moja liliponiponza. Kwetu upepo unaitwa yamo. Lakini yamo pia ni ugonjwa, ule unaosafiri na upepo na kumwingia mtoto mchanga, na wazee hawatofautishi. Okinyi alipopata homa, macho yakawa mekundu, akakataa kunyonya, Dani alimgeuza huku na huku, akamnusa utosi, akasema, "Imemshika yamo."

Mama akasema, "Anaota meno huyu."

"Mimi nimezaa tisa, wewe umezaa wawili. Nakwambia ni yamo. Mfunike. Na asitoke nje upepo ukivuma."

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti. Hakuna aliyeniuliza kitu na sikuuliza kitu. Nilijua yamo inatoka wapi, na nilijua inazimwaje.

Asubuhi yake, kabla upepo haujaanza, nilikwenda kwenye mnara. Hapakuwa na mtu. Mwenyekiti wa kila asubuhi hakuwepo, na alama za miguu yake pia hazikuwepo kwenye mchanga. Nilirukia ule mkono wa chuma nikajining'iniza kwa mwili wangu wote. Ulishuka polepole ukilia. Huko juu mkia ulijikunja, gurudumu likageuka kando kama mtu aliyenuna. Nikauzungusha mnyororo, nikaunasa kwenye ndoano. Mikono ilikuwa myeusi hadi viwiko. Niliisugua kwa mchanga, kwa majani, kwa maji, harufu ikakataa kutoka.

Siku mbili baadaye homa ya Okinyi ilishuka, na jino likaonekana, jeupe, la mbele. Dani akasema yamo imemtoka. Mimi nilikula ugali wangu siku hiyo kama mtu mzima aliyerudi kazini.

Mtauliza, je, upepo haukuendelea kuvuma? Uliendelea. Nilijiambia ni upepo uliobaki, kama sufuria inavyobaki na joto ukiiepua. Ulipokataa kuisha, nikajiambia huu sasa ni wa Tanzania, ng'ambo pale wana feni yao. Nilikuwa mtoto, nina ruhusa ya kufikiri hivyo. Swali langu ni kwa wenye ndevu. Upepo unawapeperushia kofia, omena zinaruka kwenye nyavu, na gurudumu limekaa kimya limeangalia kando. Tangi lilikauka ndani ya siku nne. Kamati ilikutana. Ilikunywa chai. Ikaandika kwamba mtambo umeharibika na kwamba fundi ataandikiwa barua. Jaduong' Ogweno alisimama barabarani, akaweka mkono juu ya macho, akalitazama gurudumu kutoka kule, akasema, "Limekufa hilo." Kutoka barabarani! Mnyororo ulikuwa kwenye kimo cha kiuno chake.

Wanawake wakarudi ziwani. Ng'ombe nao wakarudi, kwa sababu hori lilikuwa kavu, na mafunjo machanga yakakanyagwa kwa wiki moja. Yule tajiri akafuta vumbi injini yake. Na kuni? Wanawake walikuwa wamezoea kutochemsha. Kilima walikiona kimependeza, mwendo wa kwenda kukata ni mrefu, na maji kwa macho yalikuwa bado masafi. Mama alichemsha siku nyingine, siku nyingine akachelewa sokoni. Sitamsema kwa hilo. Ni mimi niliyekuwa na Okinyi mgongoni, na akilia kwa kiu nilimpa maji ya kwenye dumu, yaliyokuwa karibu.

Kipindupindu hakikuchagua nyumba. Kilipitia ufukwe mzima. Okinyi alianza asubuhi, na kufikia mchana macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Mama alimfunga mgongoni kutafuta zahanati. Dani alibaki akisema, "Yamo imerudi. Ile ile. Imerudi na hasira."

Mnajua nilifanya nini? Nilikimbia kwenye mnara. Nilidhani mtu ameuamsha. Nikakuta mnyororo uko vile vile nilivyouacha, nikaunasua kwenye ndoano, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, nikaunasa tena kwa pete iliyofuata. Nikaukaza. Ndugu yangu alikuwa anakufa kwa kukosa maji safi, nami nilikuwa nimesimama juu ya kisima cha maji safi, nikiyakaza yasitoke.

Mama alirudi jua likiwa bado halijatua. Alikuwa anatembea kwa haraka ile ile aliyoondoka nayo, kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba ameshafika. Hakumshusha mgongoni. Ilibidi Dani amfungue leso.

Baada ya mazishi ilisemekana afisa wa afya anakuja kuuliza kuhusu maji. Ndipo Jaduong' Ogweno alipokwenda kwenye mnara kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa hapo. Nilikuwa nakwenda kila siku kuukagua mnyororo, kwa ajili ya watoto wa wengine. Alinipita bila kuniona. Akauona mnyororo. Akausogelea, akaushika, akaufungua. Mkono ukaruka juu, mkia ukanyooka, gurudumu likageuka likapokea upepo, na baada ya muda mfupi bomba likakohoa, likakohoa tena, likatoa maji. Mzima. Kila kitu kilikuwa kizima.

Alisimama akayatazama maji yale. Kisha akatazama nyuma, kushoto, kulia. Akauvuta mkono chini kwa nguvu, akaufunga tena.

Alipogeuka ndipo aliponiona.

"Umeona nini, nyathina?" Mwanangu, aliniita.

"Nimeona umeifunga yamo."

Alinitazama, akaitazama mikono yangu. "Vizuri," akasema. "Usimwambie mtu. Nenda nyumbani."

Nilimpenda. Nawaambia ukweli, nilimpenda mzee yule. Nilidhani hatimaye nimepata mtu mzima mwenye akili, anayejua ninachojua, na sasa sisi wawili tutawalinda watoto. Gurudumu halikuamka tena. Mapanga yake yalitoweka moja moja yakawa paa za mabanda ya kuku. Kilima kilikatwa hadi mizizi, na ziwa likarudi kuwa chai.

Nilijua ukweli nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wa jiografia alichora mnara ubaoni, akachora mishale, akasema upepo unasukuma mapanga. Nikainua mkono. "Mwalimu, si mapanga ndiyo yanasukuma upepo?" Darasa zima lilicheka, hata mwalimu. Niliomba ruhusa, nikakaa chooni mpaka kengele ikalia.

Nilipomaliza shule nilikwenda kwa Jaduong' Ogweno. Alikuwa amezeeka, amekaa kwenye kiti cha plastiki, radio sikioni. Sikukaa.

"Ile siku ulifungua ukafunga tena. Kwa nini?"

Hakujifanya hajui. "Lilipozunguka nilijua halijaharibika. Watu wangeuliza nani alilifunga. Nikakuona, na grisi hadi hapa. Wangekuita mchawi, mtoto wa miaka saba. Nilikulinda, nyathina."

"Na wangeuliza pia nani alisema ataangalia kila asubuhi."

Akaongeza sauti ya radio.

Labda aliniona kabla hajafunga, na labda alinilinda kweli. Nimeipindua kauli hiyo miaka yote na kila upande inanuka. Alinilinda mimi mmoja kwa kuuacha ufukwe mzima uendelee kunywa mavi ya ng'ombe na mafuta ya dizeli, na kwa bahati nzuri ulinzi huo ukamtosha na yeye. Angeweza kulifungua na kuondoka. Angeweza kusema amelitengeneza, tungempigia makofi! Huo uongo ningemsamehe. Hakuwa hata na akili ya kudanganya vizuri.

Wiki hii, baada ya kumchapa binti yangu, nilipanga safari nikaenda naye kwa mama. Nilikuwa nimekata shauri. Mama alimpokea mjukuu, na kabla hajanisalimia vizuri akamfunga leso kichwani hadi machoni, kwa jua lile.

"Mama, atakosa hewa."

"Upepo umeanza. Itamshika yamo."

Nikamvua mtoto ile leso. Nikamwambia hakuna yamo, hakukuwa na yamo, ni mimi. Nilimwambia yote niliyowaambia nyinyi, nikiwa nimesimama, na sauti yangu nadhani ilifika kwa majirani. Mama alikuwa na ungo wa omena mapajani, anatoa changarawe. Hakuinua kichwa.

Nilipomaliza akasema, "Uliniambia."

"Nilimwambia nani?"

"Mimi. Asubuhi ile ile. Ulikuja umejipaka uchafu, ukasema, mama, nimelaza upepo, Okinyi atapona. Nilikuwa na karai kichwani, nimechelewa. Wenzangu walicheka. Nikakwambia, asante, mama, umefanya vizuri."

Sikumbuki hilo. Nimejitafuta ndani yangu kote na sikumbuki. "Ulijua lini nilichokuwa nimefanya?"

"Siku tuliyomzika. Watu walikuwa wanaimba. Ikanijia hivyo tu."

"Na ukanyamaza? Gurudumu lilikuwa bado pale! Ungekwenda tu ukafungua!"

"Ningefungua," akasema, "watu wangeona maji yanatoka. Wangejua yalikuwa pale wakati wote. Kila mama aliyezika." Akatupa changarawe. "Na mimi ningejua."

Nilikuwa nimekwenda nikidhani nabeba kitu peke yangu, na pengine nilitarajia kukitua. Nilimwambia mama maneno ambayo sitayaandika hapa. Alichagua omena zake mpaka ungo ukaisha, akasimama, akachukua dumu kwa sababu maji ya kupikia yalikuwa yamekwisha, akateremka ziwani.